Ujumbe Niliomficha Kemunto

Sabato njema, ndugu zangu! Bwana asifiwe sana! Mnanijua, mimi ni Mama Kemunto wa Nyacheki, yule wa kwaya ya akina mama. Leo sikuja kuimba. Nimekuja kusema jinsi Bwana alivyonitoa kwenye uongo nilioufuga nyumbani kwangu wiki tatu, nikiuita malezi ya Kikristo.

Kemunto ndiye kitinda mimba wangu. Kaka yake alipomaliza kidato cha nne alienda Nairobi, akaacha kanisa, akaacha hata kutupigia simu. Basi Kemunto alipomaliza shule nikaapa: huyu haendi mbali na macho yangu! Nilimkagua mavazi, marafiki, hata nyimbo alizoimba akiosha vyombo.

Kuomba nafasi ya chuo alitumia nambari yangu, kwa kuwa yeye hakuwa na simu. Siku ujumbe ulipoingia nilikuwa namenya ndizi. Amepata! Ualimu, huko Mombasa. Mombasa, ndugu zangu! Nikaufuta. Kwa mikono hii hii, ikiwa bado na utomvu wa ndizi.

Alipouliza nikamwambia, "Hakuna kitu kimekuja."

Akaniamini, hata saiba, kwenye kompyuta za kulipia, hakwenda kuuliza. Wenzake walikuwa wananunua masanduku, yeye anachuma majani chai pamoja nami bila kuinua macho. Nami najiambia nimeokoa roho yake!

Asubuhi moja, kwenye maombi ya nyumbani, zamu yake ya kuomba ikafika. Akasema, "Mama, omba wewe. Mimi nimeomba mwaka mzima, Mungu amenyamaza."

Ndugu zangu! Mungu hakuwa amenyamaza! Alijibu, nami nikafuta jibu lake. Niliogopa Mombasa itamnyang'anya imani, kumbe ninayemnyang'anya ni mimi, pale sebuleni, Biblia mkononi.

Nilipiga magoti mbele ya mtoto wangu nikamwambia yote. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na ulikuwa unaniona nikilia?"

Nikasema ndiyo. Akachukua sweta, akaenda kwa dada yangu, kule kijijini Sironga. Siku mbili nilishinda magotini. Nililia, "Bwana, hata akinichukia mimi, asikuchukie wewe kwa dhambi yangu!"

Siku ya tatu akarudi. Tukaenda Kisii mjini, tukaingia saiba. Mama wa kompyuta alipoanza kutafuta jina nilifumba macho. Mara nikasikia Kemunto anacheka. Nafasi ipo! Zimebaki siku tisa za kuripoti chuoni! Asante Yesu! Nililia mle ndani mpaka watu wa foleni wakanipisha kiti.

Tulipotoka akanishika mkono. "Mama, bado nina uchungu na wewe. Lakini tuombe."

Akaomba yeye, kando ya barabara, kwa lugha yetu ya Ekegusii, bodaboda zikitupita.

Sasa yuko mwaka wa pili. Anaenda kanisani kila Sabato? Sijui, na sitaki kuwadanganya tena. Ninachojua ni kwamba nalala usingizi. Mungu hakuhitaji nimsaidie kwa uongo.

Mzazi mwenzangu, kama umemshika mtoto wako kwa hofu, legeza mkono leo. Kama kuna kitu umemficha, rudi nyumbani umwambie, hata kama ni kwa magoti. Halafu mwachie Bwana. Mimi nilidhani nikimruhusu Kemunto namtuma mahali asipokuwepo Mungu, kumbe Mungu alifika Mombasa kabla yake. Mtumainini! Amina.