Pazia la Mzee Gerson

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Mzee Gerson Mwaisumbe anakabidhi ufunguo wa gari la ofisi baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda chetu cha mbao hapa Mafinga. Magari manne yamechakaa mikononi mwake. Yeye bado.

Alianza mwaka 1994 akiwa utingo wa lori la magogo, na miaka mitatu baadaye akashika usukani. Hajawahi kugonga kitu kati ya hapa na Mbeya, isipokuwa bata mmoja wa Chimala, ambaye Mzee anashikilia mpaka leo kuwa alijigonga mwenyewe.

Mtihani ulikuja mwaka 2023, tulipoletewa meneja mpya, Bi. Devota Kalinga, mzaliwa wa Kihesa. Sote tulimpokea kwa makofi, kasoro dereva, aliyekuwa amejificha nyuma ya rundo la mbao. Devota ni mke wa Rabson, na Rabson ni mwana wa Gerson. Kwa namna Mzee alivyolelewa kwao Rungwe, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani, hawasemeshani, wala hawapishani njiani. Siku hizi wengi wameacha. Mzee hajaacha.

Safari ya kwanza ya Mbeya, Meneja alipanda basi, na Mzee akalifuata basi hilo na gari tupu mpaka stendi. Makao makuu wakasikia. Ikaja barua: dereva asiyembeba meneja wake ahamishiwe kwenye kupanga mbao, na meneja ndiye asaini. Miaka miwili tu kabla ya kustaafu! Bi. Devota aliikalia barua ile siku tatu. Akisaini, amemwaibisha baba wa mumewe. Asiposaini, kazi imemshinda.

Siku ya nne Mzee alifika na kitenge cha mkewe, Bi. Tumpe, pamoja na kamba ya kuanikia nguo. Akatundika pazia nyuma ya viti vya mbele, na kioo cha ndani akakigeuzia darini. Mimi, mtunza stoo ambaye kutokuwepo kwake hakuna anayekugundua, nikawekwa kiti cha mbele kuwa mkalimani wa Kiswahili kwenda Kiswahili.

“Mwambie Meneja afunge mkanda.”

“Mwambie baba nimefunga tangu getini.”

Meneja akawajibu makao makuu kuwa dereva anambeba vizuri sana, na barua ikachanwa.

Mkalimani alifeli mara moja tu. Pale Chimala nilikula wali kupita cheo changu, tumbo likagoma, wakaniacha kwa shemeji yangu. Meneja alinisimulia baadaye kuwa njia nzima Mzee aliongea na usukani: “Hivi wewe usukani, huyo mama amekula kweli?” Naye akawa anautuma mkoba wake: “Mkoba, kamwambie baba apunguze mwendo, kwani anakimbizwa na nani?” Walifika salama, wakiwa wamepiga soga kuliko siku zote. Ndipo nilipojua kuwa nafasi yangu inaweza kujazwa na mkoba.

Sasa cheti cha utumishi lazima kitolewe na Meneja mwenyewe, na Mzee alitishia kutofika kwenye sherehe yake. Tumeafikiana hivi: Meneja atakiweka cheti juu ya boneti, atageuka na kuondoka, kisha Mzee atakuja kukichukua. Wageni mnaombwa kupiga makofi. Kucheka ni baada ya chakula.

Kamati ilimuuliza anataka zawadi gani. Tulitegemea godoro, au ng’ombe. Ameomba pazia jipya, la gari lake mwenyewe. Desemba wajukuu wanakwenda kwake Rungwe na mama yao, na Mzee amesema mkwewe hatapanda basi maadamu yeye bado anaiona barabara.

Baba Rabson, asante kwa kutufikisha salama miaka yote hii. Nenda kapumzike, afya iwe nawe. Na kabla sijasahau, mkoba umenituma nikuambie: asante, baba.