Dawa Alizozitupa Truphena

Kwenye gari la kwenda Homa Bay nilikaa katikati ya wanawake wawili waliokuwa wameshaambiana majina, nikajifanya nasinzia. Truphena, mwuza samaki wadogo wa omena, alimuuliza Nyatichi, msichana wa Awendo, mbona mdomo wake umepinda.

"Ni kiharusi, mama. Nina ugonjwa wa matumbo kuvimba ndani. Daktari alisema umefika hadi mishipa ya damu ya kichwa."

"Tumbo na kichwa wapi na wapi, nyathina, mwanangu? Umerogwa."

"Hata mimi nilidhani hivyo. Nikaacha dawa, nikawa naombewa tu. Siku moja nikaamka mkono hausikii."

Truphena akautazama ule mkono. "Binti yangu anaugua tumbo hilo hilo. Dawa zake nilizitupa mimi."

"Mpigie simu sasa, arudi kliniki."

"Nitamwambia nini, na nilishuhudia kanisani kwamba amepona?"

Gari likasimama kituo cha Rodi. Truphena akashuka, simu mkononi, bado hajabonyeza chochote.