Bi Usizime na Mafaili Yaliyofichika

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi mkuu wa kompyuta wa hospitali yetu anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Jina lake kamili limo kwenye jalada la utumishi; sisi tunamjua kama Bi Usizime.

Aliajiriwa akiwa mpiga chapa, enzi ambazo kompyuta ilikuwa moja tu, imefunikwa kitambaa kama chakula cha mgeni. Mafundi wa nje walikuja, wakabofya mara mbili tatu, wakaondoka. Akaanza kuwauliza maswali. Baada ya miaka minne, wao ndio waliokuwa wakimuuliza.

Jina la utani lilitokana na simu. Mafundi wengine husema zima, kisha uwashe. Yeye husema, "Usizime! Usiguse kitu, nakuja." Daktari mmoja wa meno alimsubiri nusu saa nzima, mikono magotini, ametulia kuliko wagonjwa wake.

Lakini kazi isiyosahaulika ni ile ya maabara. Programu ya kutunza majibu ya vipimo ilikuwa ikianguka, yaani ikijifunga yenyewe ghafla, na kila ilipoanguka, majibu ya wagonjwa wawili watatu yalipotea. Lawama zikamwangukia binti mmoja wa maabara, mgeni kazini. Ripoti ikaandikwa: kosa la mtumiaji. Binti alikuwa karibu kufukuzwa. Mwandishi wa wasifu huu alitia saini. Bi Usizime aliisukuma karatasi. "Sitii saini jambo nisiloliona," alisema.

Alijua kwamba programu ikianguka, kompyuta inaweza kumwaga yote yaliyokuwa kwenye kumbukumbu yake katika faili moja kubwa. Faili hilo ndilo shahidi. Ila liko wapi? Folda ya mtumiaji, tupu. Folda ya programu, tupu. Watengenezaji nao wakajibu kwamba bila faili hawana la kufanya.

Siku nane aliketi kando ya yule binti, macho kwenye saa. Siku ya tisa, saa nne na dakika saba asubuhi, programu ikaanguka. Akaiandika dakika ile kiganjani, kisha akaiagiza kompyuta itafute diski nzima, pamoja na vilivyofichwa, kila faili lililozaliwa wakati huo. Likatokea moja. Kumbe programu ilikuwa ikiendeshwa kwa jina la mfumo wa kompyuta wenyewe, si la mtumiaji, na mfumo una folda yake, mbali na macho ya watu. Humo yalikuwamo mafaili kumi na moja, na tarehe zake zililingana na siku zote ambazo majibu yalipotea.

Watengenezaji waliyasoma wakakiri: mashine mbili za vipimo zikituma majibu kwa mpigo, programu inajikwaa. Ikarekebishwa. Ripoti ikachanwa. Binti akaangua kilio. "Futa machozi, mwanangu," Bi Usizime alimwambia, "sampuli zinakusubiri." Leo binti huyo ndiye mkuu wa maabara.

Mwandishi alikwenda kuomba radhi. Hakusutwa, alivutiwa kiti, akafundishwa pa kutafutia.

Asante, mama, kwa kuusaka ukweli wakati sisi tulikuwa tumeshakata tamaa na kukunja majamvi. Nenda ukapumzike na mzee wako, wajukuu wakuchoshe kwa vicheko, na siku zako zote ziwe njema.