Karakana ya Miguu Ni ya Nusu Digrii

"Huyu sasa atakuwa nani?" Ndivyo alivyouliza baba yangu siku niliporudi na barua ya kuambiwa nisikanyage tena shule, akaiweka mezani katikati ya sahani; mama alikazana na kitunguu chake, kaka zangu wakatafuna, na mimi mwenyewe niliyeulizwa habari zangu nikatazama kucha. Sikilizeni wanangu, swali lile nalijibu leo. Pumzi iliyobaki ni ya kusemea, si ya kubembelezana. Na wewe mwanangu mwanasheria, andika ninavyosema, usininyooshee lugha.

Kwanza nilikuwa mshona suruali. Miaka miwili nilikalia cherehani ya mtu mwingine, nikatimuliwa kwa ubishi, lakini niliondoka nikijua kwamba nguo isiyoachwa akiba kwenye mshono ni nguo ya maiti, maana aliye hai hunenepa na kukonda. Kisha fundi viatu akanipa kigoda mlangoni pake, nikajifunza kumsoma mtu kwa soli yake: huyu analalia kisigino cha kushoto, huyu anaburuta kidole, huyu anatembea kwa woga. Kisha nikapiga deki hospitalini, na huko nikaona watu wanapewa miguu bandia, na kabla ya wiki kwisha wameisukumia uvunguni mwa kitanda kwa sababu inawachubua. Daktari akaandika, "Mgonjwa mkaidi." Mimi na ndoo yangu nikainama, nikautazama mguu, nikaona hauna akiba hata kidogo, na umechongwa na mtu ambaye hajapata kumtazama mwenziwe akitembea. Nikasema. Wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Basi nikaomba mguu mmoja uliotupwa, nikaenda nao nyumbani, nikaubomoa kipande kwa kipande, nikaunda wangu; ndipo ikazaliwa karakana yangu ya miguu.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ingawa nyinyi koleo mnalijua kwa picha tu.

Karakana ile ndiyo iliyowasomesha. Mhandisi wangu, mwanangu wa kwanza, ulipooa uliwaambia wakwe zako, "Mama yupo kwenye sekta ya afya." Sekta! Nilikuwa nimekaa pale pale, plasta imenigandia kwenye nywele. Na wewe mwanasheria uliniomba nisije na gari la karakana kwenye mahafali yako kwa sababu lina mchoro wa mguu ubavuni. Nikaja na taksi. Sikununa, nilishangaa tu: mguu ule ndio uliokutembeza hadi kwenye joho, leo unaona haya kuonekana nao.

Lakini hayo nimeyameza. Ninalolitapika ni hili la mdogo wenu.

Alipoacha chuo mwaka wa pili mlimpa jina, Nusu Digrii, mkaliita hata mbele ya wageni, mkicheka kwa kufunika midomo kama watu wenye adabu. Akaenda kuuza viatu vya mitumba, mkasema amepotea. Mhandisi, unakumbuka yule mwalimu aliyesafiri siku nzima kuja kupimwa mguu, nami nimelazwa nawe unanishikia karakana? Ulimpokea na mashine yako mpya, ukampima papo hapo, hata maji hujampa. Nusu Digrii alikuwa amepita hapo kunichukulia nguo, akakwambia, "Kaka, mwache alale kwanza, ainue kigutu cha mguu. Ametoka safari, kimevimba. Hata mimi sokoni mtu akija jioni simuuzii kiatu kabla hajakaa akapoa, kesho kitampwaya." Ulimjibuje? "Rudi kwenye mitumba yako, hapa ni kazi ya vipimo."

Wiki ya pili mguu ukampwaya mwalimu, akaanguka kwenye ngazi za shule mbele ya wanafunzi wake, akavunjika mkono. Mdharau mwiba mguu huota tende, ila uvimbe huu haukuota kwako uliyedharau, ulimwotea mwalimu. Nawe ukaandika nini kwenye faili lake? Nililisoma. "Mgonjwa hakufuata maelekezo." Nikamsikia yule daktari wangu wa zamani akifufuka ndani ya mtoto niliyemzaa.

Na bado juzi, mkidhani nimelala, mlinong'ona hapa kitandani: karakana apewe mwenye vyeti, Nusu Digrii awekwe mapokezi. Mapokezi!

Andika sasa. Nyumba hii gawaneni nyinyi wawili, chumba kwa chumba, mpimane hata vizingiti mkitaka. Karakana, meza zake, tanuri, daftari la vipimo na gari lenye mchoro ni vya mdogo wenu peke yake. Mmekuwa mkiulizana kwa nini hayupo hapa, mama anakufa na yeye hana habari. Habari anazo. Mimi ndiye niliyemtuma. Mwalimu amerudi kupimwa upya, na nimemwambia asiondoke hadi mtu yule awe ameshuka ngazi na kupanda bila kushika ukuta. Mhandisi, ukitaka kazi pale, nenda ukamwombe. Akikuanzishia ufagio, shika ufagio. Mimi ulinifaa.

Ngojeni... kifua. Maji. Hapana, acha, yatosha.

Baba yangu hakuwa mtu mbaya. Aliuliza swali, basi, akataka jibu kabla chakula hakijapoa. Mimi lilinichukua miaka kumi na moja. Na nyinyi mlijibiwa utotoni, mhandisi, mwanasheria, hamkupata hata siku moja ya kutokuwa kitu... ndiyo maana mnaogopa hivyo.

Mungu awape afya. Awape watoto wabishi. Na awatimue mahali, mapema, mkiwa bado na nguvu za kutafuta kwingine. Hiyo ni dua, msiniangalie hivyo... ni dua.

Umeandika? Haya.

Sasa nigeuzeni upande wa ukutani. Nimechoka kuwatazama.