Siku ya Nane ya Kopo la Angani

Kama una siri ya serikali na unataka ifike Accra kabla ya magazeti, njoo uiseme kwenye benchi la Mallam Sule, hapa Nkawkaw, pale barabara ya stendi inapokutana na njia ya kupanda mlima wa Kwahu. Mallam anauza kahawa na chai, mkate na mayai, na benchi lake limebonyea katikati kwa sababu wanaolikalia hawaendi kazini. Mwenye benchi, kwa maana ya mwenye maneno, ni Ushahidi, karani mstaafu wa mahakama, ambaye ukimwambia habari za asubuhi anataka kwanza uthibitishe kuwa ni asubuhi. Wa pili ni Mbunge. Huyu hajawahi kugombea hata uongozi wa choo cha stendi, lakini ukikigusa chama chake anasimama kama kaguswa yeye. Wa tatu ni Mjomba Ntim, muuza spea za malori, na Ijumaa hiyo alifika uso umemshuka, akaketi ukingoni kabisa.

— Kahawa, Mallam. Usitie maziwa.

— Bila maziwa! — Mbunge akadakia. — Kuna msiba?

— Upo, — alisema Ushahidi, macho yake kwenye drafti. — Kopo la mpwa wake limefia angani.

— Halijafa. Limenyamaza tu.

— Ndugu yangu, kitu kikinyamaza wiki nzima, hakiitiki, hakikohoi, kwenu mnakiitaje?

— Kwetu tunakiita mheshimiwa, — alisema Mallam, akimimina kahawa.

Wote wakacheka, hata Mbunge, mpaka alipokumbuka kuwa mheshimiwa wa sasa ni wa chama chake.

Mjomba Ntim hakucheka. Setilaiti ile, ndogo ya kukaa kwenye kiganja, ilitengenezwa na vijana watatu wa chuo cha pale mjini, na mmoja wao ni Serwaa, binti wa dada yake. Iliachiwa angani Ijumaa iliyopita, na tangu siku hiyo haijatoa hata mlio. Ukoo ulikuwa umechoka. Walitaka binti auguze wagonjwa, wakaambiwa anaunda vyombo vya angani. Walitaka aolewe, wakaambiwa anasubiri chombo kiruke. Kimeruka, kimya. Jumapili kuna kikao cha ukoo, na Ntim, kwa kuwa mjomba ndiye anayejibu kwa ajili ya mtoto wa dada, alishajifunga kwa mdomo wake mwenyewe: kopo lisiposikika kabla ya kikao, atamwambia Serwaa aache. Sasa alikuwa akijilaumu kwa nini hakuuma ulimi.

— Tuwe wakweli, — alisema Mbunge. — Hawa jamaa wa serikali iliyopita waliweka jiwe la msingi la zahanati yetu, iko wapi? Wakaweka jiwe la msingi la soko, liko wapi? Ardhi ikawaishia. Sasa wameweka jiwe la msingi angani, ambako hakuna wa kwenda kukagua.

— Lakini picha ya roketi tuliiona, — alisema Ntim.

— Na mimi mwanangu kanionyesha picha yangu kwenye simu nina nywele! — Ushahidi akavua kofia, kipara kikang'aa. — Ushahidi uko wapi?

— Mimi wasiwasi wangu ni mwezi, — alisema Mallam. — Wakijaza makopo huko juu, siku ya kuandama mwezi tutajuaje? Tusije tukafungua kwa kopo.

— Mwezi nini, — alisema Mbunge. — Mmeona maua ya kakao mwaka huu? Yanapukutika. Nani kayapukutisha? Wametoboa anga, baridi ya kule inavujia huku. Shamba la shemeji yangu limepigwa lote, na liko moja kwa moja chini ya tundu.

— Tundu umeliona?

— Shemeji kaliona.

— Shemeji aletwe.

— Wala kopo si letu, — Mbunge akaendelea, sasa kapandwa na mori. — Wazungu wametuazima roketi bure? Nani anaazima kitu bure? Mle ndani wameweka jicho la kutafuta dhahabu. Watoto wetu wameunda kope, jicho ni la wenyewe.

Ntim akaweka kikombe chini kwa kishindo.

— Serwaa hajalala mwaka mzima kwa ajili ya kope?

Ushahidi akasogeza kete yake, halafu akasema taratibu, na ndiyo maana maneno yake yaliuma zaidi:

— Ntim, mimi si adui yako. Lakini mila unaijua. Mtoto haendi nje, hapewi jina, mpaka siku ya nane. Asipofika siku ya nane, huyo hakuwa mtoto, alikuwa mgeni aliyepita. Hatumlilii. Leo ni siku ya nane. Likinyamaza leo, likubali lilikuwa mgeni, umsamehe na binti.

— Ndiyo maana nimemwita, — alisema Ntim. — Linapita leo asubuhi hii. Nimemwambia asilisikilizie chuoni. Aje alisikilizie hapa, mbele yenu.

— Hapa? — Mbunge alishika kiuno. — Mzee una roho ngumu! Aibu ya chumbani unaileta stendi?

Serwaa alikwishafika. Alikuwa amesimama nyuma ya mjomba wake, macho mekundu, mkononi ana redio ndogo na antena yenye vijiti pande mbili, kama ile ya televisheni juu ya bati.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, binti, — aliitikia Mbunge. — Hiyo ndiyo ya kuvulia samaki wa mbinguni?

— Ndiyo, mzee. Tuombe wawepo.

Akaitazama simu yake, akageuza antena kuelekea mlimani. Redio ikaanza kukoroma: shhhhh. Wapiga debe wakaacha abiria wakaja. Mwanamke mmoja aliyeshuka Kwahu na beseni la mboga kichwani akasimama naye bila kulitua. Mallam akapunguza moto.

Shhhhh.

— Wakati wake umefika, — alinong'ona Serwaa. — Ilipaswa iwe imeshachomoza.

Shhhhh. Ntim akaukodolea macho mlima wa Kwahu, akauchukia. Alifikiri juu ya Jumapili, juu ya uso wa dada yake, juu ya jinsi atakavyomwita binti pembeni na kumwambia basi, imetosha. Serwaa akainua antena juu zaidi.

— Basi, mwanangu, — alisema Mbunge, na safari hii hakuwa na kejeli. — Basi, shusha mkono.

— Bado mlima unaikinga, mzee. Ngoja ipande.

— Mlima umekosa nini...

Tii. Ti-ti-tii. Tii.

Ntim akainuka kwenye benchi.

Tii. Ti-ti-tii. Tii. Sauti nyembamba, safi, inatokea ndani ya ule mkoromo, inarudi tena na tena. Serwaa akaweka mkono mdomoni.

— Ndiyo yenyewe! Mjomba, ndiyo yenyewe! Inajitaja!

— Hapana, — Ushahidi akainuka, drafti ikamwagika yote. — Ngoja! Hiyo ni friji ya Mallam.

Mallam akaichomoa friji. Tii. Ti-ti-tii.

— Ni simu ya mtu. Zimeni simu! Nipe mimi hilo dude, binti. Nipe!

Serwaa akampa. Karani mstaafu akaelekeza antena chini kwenye mfereji: mkoromo mtupu. Akaielekeza kwenye tumbo la Mbunge: mkoromo mtupu.

— Nilijua humo hamna kitu, — alisema Mallam.

Akaielekeza kwenye ofisi ya chama ng'ambo ya barabara: mkoromo. Halafu akaiinua polepole juu ya mlima wa Kwahu, pale kidole cha Serwaa kilipoonyesha, na sauti ikarudi, tii, ti-ti-tii, kubwa kuliko mwanzo. Akasogeza kushoto, ikafifia. Akarudisha, ikaja. Ikawa inahama, na yeye anahama nayo, shingo nyuma, kofia imeanguka, anarudi kinyumenyume kati ya meza, watu wanampisha, mpaka akawa ameikata mbingu nzima ya Nkawkaw kutoka mlimani hadi upande wa msituni. Huko sauti ikapungua, ikapungua, ikaisha. Mzee akabaki kashika antena, anaangalia mahali ambapo hapakuwa na kitu.

— Imepita, — alisema. — Imepita juu ya kichwa changu.

Hapo stendi ikalipuka. Madereva wakapiga honi bila hata kujua sababu. Mallam akatangaza kahawa ya bure, akajuta papo hapo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Ntim alimkumbatia mpwa wake akalia mbele ya watu, kilio cha mtu mzima, hata hakujificha.

— Chama changu ndicho kilichojenga maabara ya chuo! — Mbunge alipiga kelele juu ya benchi. — Iandikwe! Sisi ndio tulioanza!

— Si ulisema ni kope? — aliuliza Mallam.

— Kope ni yetu! Jicho ni letu! Tundu ni letu!

Yule mwanamke wa mboga ndiye aliyewanyamazisha. Alitua beseni, akajifuta uso kwa khanga, akauliza kama mtu anayeuliza bei:

— Nimeambiwa hapa leo ni siku ya nane na mtoto yu hai. Sasa nani anampa jina? Baba yake yuko wapi?

Serwaa akacheka huku anafuta machozi.

— Baba hana, mama. Tulimuunda watatu. Ameachiwa Ijumaa, basi ni Afua, jina la binti wa Ijumaa. Ila wa kumlambisha maji na kileo cha kupewa jina hatuna.

Watu wote wakamgeukia Ntim. Ilikuwa haki yake, na hakuna ambaye angeshangaa kama angejivimbisha na kusema ni mimi. Mallam alikwisha kumletea glasi mbili, moja ya maji na moja ya gongo lililotoka sijui wapi, maana yeye mwenyewe hanywi. Ntim akazipokea. Akamtazama Ushahidi, aliyekuwa bado amesimama kando na antena mkononi kama mtu aliyesahau njia ya kwao.

— Mtoto huchukua tabia ya anayemlambisha, — alisema Ntim. — Sitaki huyu awe msema ovyo. Nataka asiamini kitu mpaka akione, na akikiona asikifiche. Ushahidi, shika.

— Mimi? Niliyesema limekufa?

— Wewe wewe.

Mzee akapiga magoti polepole, magoti yakimlia, akalaza antena juu ya benchi. Akachovya kidole kwenye maji, akaidondoshea ncha ya antena.

— Afua. Ukisema ni maji, yawe maji.

Akachovya kwenye gongo.

— Ukisema ni gongo, liwe gongo.

Hapo ndipo ibada huishia, lakini hakunyanyuka.

— Ukipita juu ya mto Birim ukaona umegeuka tope, sema ni tope. Ukiwaona wanaouchimba dhahabu, waseme. Usiulize ni wa chama gani.

Macho yakahamia kwa Mbunge. Alikuwa angali juu ya benchi, mkono mmoja hewani. Akaushusha, akashuka na yeye, akavua viatu kwa heshima.

— Awaseme, — alisema kwa sauti ndogo. — Hata wa kwetu.

Ntim akatoa simu, akampigia dada yake. Ilipopokelewa hakusubiri salamu.

— Waambie ukoo kikao cha Jumapili kiko palepale. Lakini wasije na nguo nyeusi, waje na nyeupe. Tumepata mtoto.