Bwana Pasi na Karatasi Iliyoungua

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Pasi, jina alilolipenda kuliko lile la kwenye kitambulisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni ya reli, akasoma shule ya msingi ya hapo hapo relini, kisha sekondari ya wavulana hadi 1976, na tarehe 3 Januari 1978 akaajiriwa katika maabara ya polisi, chumba cha mwisho kwenye korido, kazi yake ikiwa kupasha moto kwa pasi karatasi zilizoshikwa na wahalifu, maana jasho la vidole lisiloonekana kwa macho hugeuka kahawia kabla karatasi yenyewe haijageuka, ila ukizidisha moto kidogo tu yote huungua na ushahidi umepotea, na mpaka anastaafu mwaka 2018 hakuunguza hata karatasi moja ya serikali.

Ya kwake mwenyewe aliiunguza. Mwaka 1983 alimpenda fundi cherehani wa mtaa wa pili, yaani mama yetu, lakini ulimi ulikuwa mzito, hivyo akakandamiza kiganja kwenye karatasi nyeupe, akampa, akatimua mbio. Mama aliona karatasi tupu, akaikata iwe kipimo cha kola, na alipopitisha pasi ya mkaa juu yake vikatokea vidole, bibi mzaa mama akapiga kelele, "Mwanangu, huyo mwanamume mchawi!"

Kesho yake Baba alikuja kujitetea, akaeleza habari yote ya jasho na moto, posa akaisahau. Mama akampa karatasi nyingine nyeupe, akamwambia, "Haya kaka, jibu langu hilo, kalipashe." Baba akaishika kwa kibano cha kazini, akapasha, haoni kitu, akaongeza moto, haoni kitu, akaongeza tena, mpaka karatasi yote ikawa nyeusi, akarudi nayo, akasema, "Dada fundi, jibu lako nimeliunguza, lakini mimi nataka kukuoa, basi." Mama akamjibu, "Kumbe mdomo unao!"

Walifunga ndoa tarehe 11 Februari 1984, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu saba.

Baba alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2022, akalazwa mwezi uliopita, na siku moja pale wodini Mama akamwambia ukweli, kwamba ile karatasi aliikamata kwa kitambaa, hakuigusa hata kwa kidole kimoja, alitaka tu amsikie akisema. Baba alicheka mpaka nesi akaja mbio. "Miaka yote najilaumu bure! Mwanamke, umenimaliza!" Alifariki asubuhi ya tarehe 18 Juni 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi, na wenzake wa maabara mliobeba jeneza.

Baba, leo Mama amekutilia karatasi nyeupe mfukoni mwa shati, na safari hii amekandamiza kiganja chote. Usihangaike kuipasha. Pumzika kwa amani.