Tuliowekwa Safu ya "Wengineo"

Mheshimiwa Mkurugenzi, waheshimiwa wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wenzangu wa kitengo cha uhakiki mliosimama mlangoni kwa sababu viti vyote vimechukuliwa na wakubwa:

Mmeniaga kwa maneno matamu hata nikageuka nyuma kuona anayesifiwa ni nani. Nashukuru. Miaka thelathini na moja nimehesabu watu wa nchi hii, na kanuni ilikuwa moja tu: aliyelala ndani ya nyumba usiku wa sensa anahesabiwa. Hatukumuuliza bibi yake alizaliwa wapi.

Mwaka huu tumepata wataalamu. Wataalamu hasa! Wamegundua kwamba mtu anaweza kuzaa, kujenga, kulipa kodi na kuzika wazazi wake hapa hapa, na bado asiwe wa hapa. Ikaja fomu mpya yenye swali la mabibi na mababu walizaliwa wapi, na ambaye hata mmoja wao hakuzaliwa hapa akatupwa safu ya mwisho, "Wengineo". Tukaijaribu kwetu wenyewe ofisini. Kati ya wafanyakazi thelathini na wanane, wenyeji kamili walitoka tisa, na mmoja wao aliniambia kwenye chumba cha chai, "Dada, bibi mwenyewe simjui, nimebuni tu." Mheshimiwa akafanya nini? Akaiondoa ofisi yetu kwenye jaribio. Hongera sana, taifa limebaki safi.

Mnamjua Mama Karatasi wa chumba cha mashine. Kila fomu ya ofisi hii imepita mikononi mwake. Hata hii ya mabibi aliichapa yeye, kisha akajaza ya kwake kwa ukweli: mama yake alivuka mpaka akiwa amembeba mgongoni. Ofisi iliondolewa kwenye jaribio, fomu yake haikuondolewa: Ijumaa akapewa barua. Ndani ya siku kumi na nne alete cheti cha kuzaliwa cha bibi asiyewahi kumwona, la sivyo kazi hana na nchi hana. Aliponionyesha, vidole vyake vilikuwa bado na wino. "Dada mkubwa, nirudi wapi?" Niliona aibu, na hasira ya siku ile sijaimaliza. Ninyi mnaocheka hapo mbele, nani kati yenu ana cheti cha bibi yake?

Ripoti ya jaribio hilo iko tayari, imejaa picha za rangi. Inasubiri sahihi ya mhakiki mkuu, ambaye mpaka saa kumi leo ni mimi. Sitaitia. Mheshimiwa, usinikunjie uso. Kesho utampata mwingine, wenye kalamu nyepesi wamejaa tele.

Ila fomu yangu nimeijaza asubuhi, iko mezani kwako. Bibi mzaa mama: alizaliwa ng'ambo ya mpaka. Miaka yote hiyo hesabu zenu zimehakikiwa na mmoja wa Wengineo. Kwa hiyo barua yangu msihangaike kuituma nyumbani. Jumatatu mtanikuta kwenye foleni ya wanaodaiwa vyeti, nyuma ya Mama Karatasi.

Asanteni kwa kunisikiliza, hata ninyi mliosikiliza kwa kulazimika.